Tindo kila siku, kofre kamwe: mwanagenzi wa umeme afanye nini?

Swali: Wakubwa, salamu. Nina diplomu ya serikali, na tangu Januari namfuata fundi umeme mmoja hapa Goma. Kazi yangu ni kuchimba kuta na kuvuta nyaya. Kofre ya dijonkta (kisanduku cha swichi za kinga zinazojikata umeme ukizidi) hataki hata niisogelee. Nimwache? (Msomaji, Ndosho)

Jibu: Mdogo wetu, miezi michache ya tindo si uonevu. Hapo ndipo unapojua waya hupita ukutani wima au mlalo, kamwe si mshazari, ili anayetundika picha kesho asiutoboe. Ubaya ni fundi asiyeeleza sababu. Basi muulize mambo mawili: waya gani unakwenda na dijonkta gani, na yeye anahakikishaje kwamba koranti imekatika.

La kwanza halina siri. Taa ni waya wa 1,5 mm² na dijonkta ya ampea 10, isizidi 16. Priza ni 2,5 mm² na 16 au 20. Jiko la umeme ni 6 mm² na 32. Dijonkta inalinda waya, si televisheni. Mwenye nyumba akichoshwa na dijonkta inayoanguka kila jioni pasi na resho zikiwaka pamoja, akawekewa ya 32 juu ya waya wa 1,5, dijonkta itatulia na waya utachemka ndani ya ukuta. Patron anayefanya hivyo kwa mazoea, huyo mwache.

La pili: multimetri (kifaa cha kupima umeme) kwanza kwenye priza unayojua ina umeme, kisha pale unapofanyia kazi (fezi, yaani waya unaoleta umeme, na nyutro, waya wa kuurudisha; fezi na ardhi, waya wa usalama; nyutro na ardhi), kisha urudi kwenye ile priza kuhakikisha kifaa hakijafa katikati. Bisibisi yenye taa haitoshi. Wala usitegemee kwamba mtaa mzima hauna umeme: unarudi bila kupiga hodi, na jenereta ya jirani iliyounganishwa vibaya inaweza kuurudisha kwenye laini.

Kofre usiisubiri. Nyumbani tafuta ubao, kisanduku cha maungio, kishikio cha balbu, swichi moja ya kawaida, swichi mbili za kuwashia taa moja kutoka sehemu mbili, na mita chache za 1,5. Funga bila umeme, pima kwa multimetri ukiiweka kwenye ohm. Swichi ikate fezi. Ikikata nyutro, taa inazimika lakini kishikio kinabaki na umeme, na anayebadilisha balbu ndiye atakayejua. Kwenye swichi mbili, taa ikikubali tu pale swichi ya pili ilipo upande fulani, umebadilishana komini (waya wa pamoja wa swichi) na mojawapo ya nyaya mbili zinazopita kati ya swichi. Kaza kila skrubu, kisha vuta waya kwa mkono: maungio yaliyolegea ndiyo yanayoyeyusha priza.

Makubaliano yaandikwe: muda, malipo, utakachofundishwa. Sheria ya kazi ya Kongo ya 2002 inautambua mkataba wa uanagenzi. Na INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya ufundi iliyoanzishwa 1964, ipo Goma. Ukiunganisha mafunzo yake na kazi ya fundi, unapata cheti pamoja na mkono.

Swali: Fimbo ya ardhi haiingii, chini ni lava tupu. Patron anasema diferansieli (swichi inayokata umeme unapovuja) inatosha. Kweli? (Msomaji, Majengo)

Jibu: Si kweli. Bila waya wa ardhi, diferansieli ya milliampea 30 inangoja mtu aguse friji inayovuja, mwili wake uwe njia ya umeme, ndipo ikate. Ardhi ikiwepo, inakata friji inapoanza kuvuja, kabla ya mtu kuigusa.

Lava kavu haipitishi umeme vizuri, hata fimbo ikilazimishwa kwa nyundo. Nyumba ikiwa bado msingi, laza shaba tupu ya 25 mm² kuzunguka mtaro wote kabla ya zege kumwagwa, ncha ipande hadi kwenye kofre. Ikishajengwa, chimba mtaro mrefu mahali panapotunza unyevu, uzungushie shaba udongo wa mfinyanzi, si vipande vya lava. Chumvi inayomwagwa na mafundi wengi inasaidia kwa muda. Baadaye mvua inaishusha na shaba inaliwa.

Mwisho pima kwa telurometri, kifaa cha kupima ukinzani wa ardhi, ulenge chini ya ohm 100. Multimetri haiwezi kazi hiyo. Telurometri ni ghali kwa fundi mmoja, kwa hiyo changieni watatu au wanne.