Milango kwanza, rangi baadaye

Wiki iliyopita mliuliza: fundi wa mtaani anaweza kuwapa nini watu wasio na makao, mbali na pesa? Mimi ni seremala, na jibu langu ni fupi: mlango unaofungwa kutoka ndani. Ngoja nieleze, maana hata mimi nilichelewa kuliona.

Jumamosi moja kila mwezi hubeba sanduku langu la vifaa hadi kituo kinacholaza watu wasio na pa kulala. Siku ya kwanza nilikwenda na brashi, nikijua nitapewa kuta. Nikakuta kuta zinang'aa. Kila kikundi kinachokuja kujitolea hupaka rangi, kwa sababu rangi inatoka vizuri kwenye picha. Lakini mlango wa bafu ulikuwa umefungwa kwa kamba, na mama mmoja akaniambia yeye huoga mguu mmoja ukiwa umeukanyagia mlango usifunguke. Brashi nikairudisha sandukuni.

Mlango wenyewe haukuwa na ugonjwa mkubwa. Matundu ya skrubu kwenye bawaba ya juu yalikuwa yamelegea, mlango ukaning'inia, na ulimi wa kitasa ukawa haulengi tena tundu lake kwenye fremu. Wengi wakifika hapo hununua kitasa kipya, na hicho kipya nacho hakifungi. Dawa yake ni kushindilia matundu kwa vijiti vya mbao vilivyopakwa gundi, kuacha gundi ikauke, kukata vilivyozidi, kisha kurudisha skrubu. Ikiwezekana, moja iwe ndefu ya kupita fremu na kushika kilicho imara nyuma yake.

Wa pili ulikuwa umevimba. Ulisharandwa mara mbili, ukavimba mara mbili, kwa kuwa hakuna aliyeziba kingo za juu na chini. Hapo ndipo nyuzi za mbao zinapokatikia, na hapo ndipo mlango unapokunywa unyevu. Hebu papasa ukingo wa juu wa mlango wa bafu lako. Sitashangaa ukikuta mbao tupu. Sisi mafundi tunauruka kwa sababu mteja haufikii kwa macho. Mimi pia niliuruka kwa miaka, nakiri.

Kwenye kitasa nilifundishwa mimi. Nilitaka kuweka komeo la kawaida, msimamizi akanikataza: mtu aliwahi kuzimia akioga, ikabidi wavunje mlango. Sasa naweka kitasa kinachofungwa kwa ndani ila kwa nje kina mfereji mdogo wa kufungulia kwa bisibisi au sarafu. Nafasi ikiruhusu, mlango naugeuza ufunguke kwa nje, maana aliyeanguka nyuma ya mlango unaofunguka kwa ndani huuzuia kwa mwili wake. Nimeanza kufanya hivyo hata kwa wateja wanaolipa, hasa nyumba zenye wazee au mgonjwa wa kifafa. Hakuna aliyewahi kuniomba. Huwa nawaeleza, wanakubali.

Kule kituoni tulibishana mara moja tu. Walitaka kufuli kwenye mlango wa nyuma kwa hofu ya wezi. Nikakataa, kwa kuwa moto ukizuka usiku hakuna atakayekumbuka ufunguo uko wapi. Tukaafikiana kuweka chuma cha kusukuma: nje hakifunguliki, ndani kinatii mkono wa mtoto.

Baada ya bafu, walichoniomba wenyewe wanaolala pale ni visanduku vya kufungika. Mtu aliyepoteza nyumba hubaki na karatasi chache, kitambulisho, cheti, pengine barua ya daktari, na usiku hulalia mfuko huo kama mto. Visanduku navitengeneza kwa vipande vinavyobaki kwenye kazi za wateja. Ruhusa naomba kwanza, kwa kuwa mbao ni zao.

Kwa fundi mwenzangu anayetaka kuanza: uliza kabla ya kubeba chochote, na usiahidi kila wiki kama unaweza mara moja kwa mwezi. Bawaba haijali shauku yako ya siku ya kwanza. Italegea tena, na atahitajika mtu wa kuikaza.

Rangi? Sijapaka bado. Nimepaka vanishi tu, kingo za juu za milango minne, mahali ambapo hakuna atakayepiga picha.