Maswali ya wasomaji: Boti ya alumini kwa dagaa wa usiku?

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni kijana wa Katonga, navua dagaa kwa taa katika mtumbwi wa mbao wa familia. Umezeeka, kila mbalamwezi tunaukalafati upya. Sasa kuna mfanyabiashara anauza boti ya alumini iliyotumika, imetoka Marekani. Ina mita nne na nusu, chini ni bapa, imeungwa kwa ribiti. Anasema haiozi na mafuta inakula kidogo. Bei yake inatosha mtumbwi mpya wa mbao pamoja na injini. Niichukue?
Mvuvi, Katonga

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwa kazi ya dagaa, hiyo usichukue. Mimi ni fundi wa mbao hapa Ujiji, na unaweza kudhani natetea mkate wangu, kwa hiyo nitaanza na mazuri ya alumini, maana yapo.

Muuzaji hajakudanganya. Alumini uzito wake ni kama theluthi ya chuma, haiozi, wala hainywi maji. Mbao hulowa ikazidi kuwa nzito, na injini hulipia uzito huo kwa petroli. Tena mtumbwi wa mbao ukikaa juani muda mrefu, kama Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, mbao hunywea na maungio yakafunguka. Alumini haina habari hiyo. Unaivuta mchangani na mwenzako mmoja tu, siku ya kurudi kazini unaisukuma majini.

Sasa tazama umbo lake. Boti za chini bapa hutengenezwa kwa mito na maziwa madogo yaliyotulia. Tanganyika ina urefu wa kilomita 670 hivi kutoka kusini hadi kaskazini. Upepo wa kusini wa kiangazi unapata nafasi yote hiyo ya kulisukuma wimbi kabla halijafika kwetu. Boti bapa na nyepesi haipasui wimbi, inalipiga, na kila pigo linatikisa ribiti. Weka humo wavuvi wanne, wavu uliolowa, jenereta na dagaa, halafu niambie ukingo umebaki juu ya maji kiasi gani. Na kama unawaza kuunganisha mbili ziwe kipe, yaani vyombo viwili vilivyofungwa pamoja kwa magogo ili kuvua dagaa, magogo ya kuungia yatabana bati jembamba sehemu moja hiyohiyo usiku kucha mpaka lipasuke.

Jambo linaloninyima usingizi zaidi ni kuzama. Mtumbwi wa mbao ukijaa maji mara nyingi huelea, watu wakaushikilia mpaka wapate msaada. Alumini ikijaa maji huenda chini, isipokuwa iwe na povu la kuelea lililojazwa chini ya viti. Povu likizeeka hunyonya maji, likawa mzigo badala ya msaada. Ziwa letu lina kina cha mita zaidi ya 1,400, na hapa Kigoma kina kinaanza karibu na ufuko. Hakuna wa kuifuata huko.

Halafu kuna umeme, na hili wauzaji hawalisemi. Siku hizi taa zetu ni za betri. Mtu akifunga waya wa hasi kwenye bodi ya alumini ili aokoe waya, umeme unaovuja kupitia majini unakula bati taratibu. Kila taa lazima iwe na nyaya zake mbili hadi kwenye betri, bodi isiguswe. Kipande cha waya wa shaba kikianguka sakafuni kwenye maji kidogo, nacho kinatoboa. Maji ya Tanganyika yenyewe yana ualkali, kipimo chake cha pH kinakaribia 9, na hapo ngozi nyembamba inayoilinda alumini inaanza kuchoka. Kwa hiyo boti ya namna hiyo isilale majini, na nyavu mbichi zisiachwe juu yake.

Ikitoboka? Mbao utaniletea mimi au jirani yangu, jioni unarudi kazini. Alumini haichomelewi kwa vijiti vya chuma vya mafundi wa geti. Inahitaji mashine yake na gesi ya argoni, na mkono uliozoea, kwa sababu inayeyuka ghafla bila kubadilika rangi. Muulize muuzaji fundi huyo yuko wapi Kigoma, akupeleke ukamwone kwa macho.

Mjomba wako au rafiki anayevua kwa ndoano mchana, karibu na ufuko, boti hiyo inaweza kumfaa. Akienda kuikagua aiweke juu ya magogo nchi kavu, aijaze maji ndani, kisha alale chini atazame ribiti zipi zinadondosha. Agongegonge pia ubao wa nyuma unapofungwa injini. Ndani yake huwa kuna plaiwudi, na ikitoa sauti ya uvungu au ikibonyea, imeoza.

Wewe jenga wa mbao, urefu wa kutosha. Siku utakapotaka alumini kweli, tafuta iliyochomelewa, yenye mkuku (uti wa chini wa chombo) na chini iliyochongoka, bati la milimita tatu au zaidi, ya daraja la majini kama 5083. Ni ghali, lakini hiyo nitaisifu mbele za watu.

SWALI: Mume wangu anavua usiku. Nimeambiwa boti ya bati inavuta radi. Ni kweli?
Mama, Kibirizi

JIBU: Hapana, mama. Radi hutafuta kilichosimama juu kuliko vingine, na kwenye maji wazi hicho ni chombo chochote pamoja na watu waliomo, cha mbao au cha bati. Mwambie akisikia ngurumo ya kwanza azime taa, ashushe mlingoti, arudi ufukoni, asisubiri mvua. Wakichelewa wakae chini katikati ya chombo, mikono isiguse injini wala maji.