Mwanafunzi wangu Mchina anasema "I saw a book", nimfundisheje "see"?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Namfundisha Kiingereza kaka mmoja Mchina ana duka la taa hapa Kariakoo. Namba na bei yuko vizuri sana ila kitenzi see kinatutoa jasho. Ananiambia "last night I saw a book two hours", mara "I looked him at the bank", af nikimwelekeza kitu anajibu "I know, I know" mpaka najiskia vibaya. Nimemwandikia maana zote za see kutoka kwenye kamusi, wapi! Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza huyo kaka wala hana dharau, ntafika huko. Kamusi iweke pembeni kwa sasa maana shida haiko kwenye see, iko kwenye kàn.

Kwa Mandarini, yaani Kichina chao, ukielekeza macho yako popote pale ni kàn tu. Kitabu ni kàn shū, tivii ni kàn diànshì, sinema kàn diànyǐng, kumtembelea rafiki kàn péngyou, mgonjwa akienda hospitali ni kàn bìng na daktari anayemtibu naye anasema hivohivo kàn bìng, mi hiyo huwa inanichekesha. Sasa mtu katoka na neno moja linalobeba yote hayo af Kiingereza kinamwambia achague kati ya see, look at, watch na read, atachagua lile alilofundishwa mwanzo, na mara nyingi ni see. Ndo unapata "I saw a book two hours", yaani kaka wa watu masaa mawili anakishangaa kitabu.

Lakini kuna kitu anacho tayari na wewe hujakitumia. Hiyo kàn yenyewe inasema kitendo tu, macho yameenda kule. Kama macho yamefanikiwa, wanaongeza neno nyuma, inakuwa kànjiàn au kàndào. Ndo maana Mchina anaweza kusema wǒ kàn le, kěshì méi kànjiàn, nimeangalia lakini sijaona, na haoni mgongano wowote hapo. Na sisi si ndo hivohivo? Umeangalia weee funguo za duka mezani hujaziona. Kuangalia na kuona kwetu ni vitu viwili, kwa hiyo wewe una bahati kuliko mwalimu ambaye hana hizi lugha mbili.

Basi kila akikosea usimpe maana nyingine, muulize tu: hapo kwenu ungesema kàn au kànjiàn? Akisema kànjiàn, karibu kila mara jibu ni see. Kwenye ile sentensi ya benki alitaka kusema kànjiàn, alimwona mtu, kwa hiyo "I saw him at the bank". Akisema kàn yenyewe, sasa mwambie atazame kinachoangaliwa: maandishi ni read, kinachotembea au kubadilika ni watch, kilichotulia ni look, na hiyo at asiisahau, nayo wanaisahau sana kwa sababu kàn inabeba kitu chake moja kwa moja bila kihusishi. Ile kàn ya rafiki na ya hospitali inabaki see, see a friend, see a doctor. Sinema nayo inasumbua, watu wanasema see a film na watch a film zote, usimbane.

Kàn bu jiàn anaijua, ni ile "sioni" ya giza au ya mtu kukaa mbali na ubao. Mpe "I can't see", na ya kuona mpe "I can see". Hapa angalia wewe mwenyewe dada, maana sisi na hii ninaona yetu tunapenda kusema "I am seeing a bus". Mchina kosa hilo halimjii kirahisi, kwao huwezi kuweka zài ya "yuko anafanya" mbele ya kànjiàn, haisemeki. Akianza kusema "I am seeing a bus", ujue kalitoa kwako.

Haya, "I know". Kwao ukielekezwa unajibu zhīdào le, na hiyo le mwishoni inaonyesha hali imebadilika, sikuwa najua sasa nimejua. Ifananishe na -me- yetu. Yeye anatafsiri zhīdào akawa amesema "I know", le haina pa kwenda inaanguka njiani, na Mwingereza anaskia "najua bwana, acha kunifundisha". Wakati moyoni alikuwa anasema aah, kumbe! Kumbe yenyewe kwa Kiingereza ndo "I see". Hii ningeianza kesho asubuhi kabla ya yote maana ndo inamharibia kwa wateja. Mwelekeze kitu kidogo kidogo, bei ya usafiri, njia ya kwenda bandarini, na kila mara ajibu "Oh, I see". Akirudi kwenye "I know" mwelekeze kingine.

Kuonana hakutakupa kazi. Zàijiàn, kwaheri yao, ni "kuonana tena", kwa hiyo "see you" inaingia yenyewe. Na "long time no see" ambayo gramma yake imevunjika kabisa lakini watu wote wanaitumia, ni hǎojiǔ bú jiàn neno kwa neno, mwambie uone atakavyofurahi. Mwonye tu kwamba "I'm seeing a customer tomorrow" ni miadi ya kazi, ila akiondoa tomorrow akasema "I'm seeing a customer", mkewe kama anajua Kiingereza ana haki ya kuuliza maswali.

Wakati uliopita utamsumbua tu, kàn haibadiliki iwe jana iwe kesho, atasema "I see him yesterday" kwa muda mrefu. Sahihisha bila kelele.

La mwisho ni matamshi. Mandarini ina xi na ina si, lakini hiyo si yao haitamkwi "sii" kama yetu, irabu yake ni nyingine. Kwa hiyo see yake itatoka kama xi, wewe utaskia kitu karibu na "she". Mwambie ncha ya ulimi iwe karibu na ufizi wa juu, atoe sss ndefu kwanza bila irabu, af ndo aongeze "ii". Akiweza, mpe "she sees" arudierudie.