Jibu: Maji ya kisima Kisauni yatoka vuguvugu, ni jotoardhi?

Salaam ndugu. Wauliza kama maji vuguvugu ya kisima chako cha mita 60 hapo Kisauni, Mombasa, ni jotoardhi, yaani joto litokalo ndani ya ardhi, kama la Olkaria.

Angalia tangi kwanza. Langu la plastiki, juu ya paa, lilinidanganya mwezi mzima; kumbe ni jua. Pima alfajiri, maji yakitoka moja kwa moja kwenye pampu, baada ya kuiacha ivute nusu saa. Ukipata nyuzi 27 hadi 30, hiyo ni Pwani tu: maji ya chini hukaribiana na wastani wa joto la hewa, kisha huongezeka kama nyuzi 25 hadi 30 kwa kilomita. Mita 60 haziongezi hata nyuzi 2.

Olkaria iko Bonde la Ufa, miamba ya moto iko karibu, maji yapita nyuzi 200, na mvuke wazalisha umeme tangu 1981. Mvuke mkavu, yaani utokao ardhini bila maji, kama wa Larderello, Italia, ni adimu. Kuna pia maji ya moto ya kwenye mashapo, yaani tabaka za mchanga na matope yaliyogeuka mwamba; Paris wayatumia kupashia nyumba joto. Mombasa nani ataka hilo?

Ukipata zaidi ya 35, rudi utuambie, na useme maji yana chumvi au la.