Maswali na majibu: upinde wa kapi kabla ya msimu wa kulungu

Katika majimbo mengi ya Marekani msimu wa kuwinda kulungu kwa upinde hufunguliwa Septemba au Oktoba. Maswali ya safari hii yametoka zaidi kwa wanaonunua upinde wa kwanza wa kapi, yaani ule wenye magurudumu (kamu) kwenye ncha zake yanayopitisha uzi.

Shikamoo mwalimu. Rafiki ananiuzia upinde wake wa kapi, paundi 70, mvuto wa inchi 30. Mimi nina futi 5 na inchi 10. Anasema nitauzoea. Nichukue? (Houston)

Marahaba. Paundi, yaani nguvu ya kuuvuta, zinapunguzika kwa kulegeza boliti za mikono ya upinde, vile vipande viwili vinavyopinda. Matata yapo kwenye hizo inchi 30 za mvuto, yaani umbali ambao uzi unavutwa. Upinde wa kapi si kama wa mti unaovutwa hadi nguvu zako ziishe. Huu una kikomo: kamu zikishazunguka, uzi unagoma. Kikomo hicho lazima kiangukie pale mkono wako unapotua shavuni, si nyuma ya sikio.

Simama, nyoosha mikono pembeni bila kujitanua, mtu akupime kwa inchi kutoka ncha ya kidole cha kati hadi ya mwenzake, kisha gawa kwa 2.5. Kwa watu wengi upana huo unakaribiana na kimo. Wewe basi ni inchi 70 za kimo kwa 2.5, yaani 28. Inchi mbili za ziada hazizoeleki. Utarudisha kichwa nyuma, utakaza kiwiko cha mkono wa mbele, na uzi utakuchapa kigashani mpaka pawe zambarau.

Muulize kama kamu zinarekebishika. Kuna zenye kipande cha kuzungusha kwa skrubu tu, kuna za kununuliwa kipande kipya, na kuna ambazo hazibadiliki mpaka ung'oe kamu nzima. Ukiukagua, pitisha pamba juu ya mikono yake polepole; pamba ikinasa, hapo pana ufa au kibanzi, urudishe. Uzi ukiwa na manyoya, weka bei ya uzi mpya kwenye hesabu. Na usiuvute ukauachia bila mshale, hata mara moja. Nguvu yote ambayo ingekwenda na mshale hurudi kwenye upinde wenyewe, na mikono ya upinde huweza kupasuka usoni pako.

Mimi ni mama mtu mzima, navuta paundi 38 bila kutetemeka. Shemeji anasema hizo ni za watoto. Naweza kuwinda kulungu? (Minneapolis)

Unaweza, dada. Sheria ya Minnesota inataka angalau paundi 30. Ukienda Colorado ni 35. Soma kanuni za jimbo kila mwaka, maana hubadilishwa.

Kipimo cha paundi zinazokufaa ni hiki: kaa kwenye kiti, inua miguu sakafuni, elekeza upinde mbele na uuvute bila kuunyanyua juu mbinguni. Ukishindwa, punguza. Shemeji naye afanye hivyo na paundi zake tukiwa tunamtazama.

Uzuri wa upinde huu, tangu Holless Wilbur Allen wa Missouri alipopewa hataza yake mwaka 1969, ni kwamba ukifika mwisho wa mvuto kamu zinakubebea mzigo. Upinde wa paundi 60 wenye nafuu ya asilimia 80 unakuachia paundi 12 tu za kushikilia, na hilo utalishukuru siku kulungu atakaposimama nyuma ya mti akikataa kutoka. Kwa paundi zako tumia chembe (vichwa vya mishale) zisizokunjuka, zenye makali mawili, kaa ndani ya yadi 20, na subiri mnyama akupe ubavu.

Kwenye boksi wameandika futi 340 kwa sekunde. Nikipima dukani napata 260. Nimetapeliwa? (Columbus)

Hapana. Namba ya boksi hupimwa kwa upinde wa paundi 70, mvuto wa inchi 30 na mshale mwepesi wa greni 350 (kama gramu 23). Kila inchi ya mvuto unayokosa hula futi kama 10, na mshale wa kuwindia ni mzito zaidi. Hizo 260 zinatosha kabisa. Fanya hesabu: kulungu akiwa yadi 30, mshale wako unachukua kama theluthi moja ya sekunde kumfikia, lakini mlio wa uzi unamfikia kwa chini ya sehemu moja ya kumi. Anasikia kwanza, anachuchumaa ili aruke, na mshale unapita juu ya mgongo. Hata ukiongeza futi 20 bado atasikia kwanza. Kwa hiyo kati ya upinde wa kasi unaopiga kelele na wa taratibu ulio kimya, mimi nachukua wa pili bila kufikiri.

Mishale ina namba 300, 340, 400, 500. Mwenye duka anasema namba kubwa ni laini. Kweli? (Dallas)

Kweli, ingawa inaonekana kinyume. Namba hiyo inaeleza mshale unavyopinda: unaegemezwa kwenye ncha mbili zilizoachana inchi 28, katikati unaning'inizwa uzito wa paundi 1.94. Ukishuka inchi 0.400, unaitwa 400. Kwa hiyo 300 ni mgumu kuliko 500. Kwa upinde wa paundi 60 na mshale wa inchi 28 wenye chembe ya greni 100, 400 kwa kawaida ndiyo yenyewe. Paundi zikipanda, au ukifunga chembe nzito, shuka kwenda 340.

Uzito wote wa mshale usiwe chini ya greni 5 kwa kila paundi ya upinde. Kwa kulungu napenda 7, yaani greni 420 kwa upinde wa 60, kama gramu 27. Ukipungua sana, unarudi kwenye hatari ile ya kuachia upinde mtupu.

Nimeununua, nimefungiwa kila kitu. Naanzia wapi kuurekebisha? (Houston tena, mwingine)

Anza na kamu. Vuta taratibu mwenzako akitazama pembeni: ya juu na ya chini zifike mwisho pamoja. Moja ikitangulia, rudi dukani, kwa sababu kazi hiyo inataka presi, mashine ya kukandamiza upinde, na presi si kitu cha kubahatisha nyumbani. Kisha tundu la kuchungulia lililofungwa kwenye uzi: fumba macho, vuta, tulia shavuni, fumbua. Usipoona saiti (kilengeo kilichofungwa kwenye upinde) katikati ya tundu bila kusogeza kichwa, lipandishwe au lishushwe.

Halafu karatasi. Tandaza gazeti kwenye fremu, simama hatua mbili tatu, piga, shabaha ikiwa nyuma yake. Tazama mpasuko. Tundu moja duara lenye alama tatu za manyoya, umemaliza. Mkia ukipasua juu ya tundu la chembe, pandisha kidogo kiegemeo cha mshale. Ukipasua pembeni, kabla ya kugusa skrubu angalia kiganja chako: wengi huukaba mpini kama jembe. Legeza vidole, uache ukae kwenye mzizi wa kidole gumba, upige tena. Mara nyingi mpasuko hupotea wenyewe.

Saiti iwe ya mwisho, nayo hufuata mshale. Mishale ikienda kushoto, sogeza saiti kushoto.

Nyama ya kulungu aliyepigwa mshale ni halali kwetu Waislamu? (Minneapolis)

Masheikh wa msikiti wenu ndio wa kuwauliza kwa kina. Kinachojulikana sana ni hadithi ya Adiyy bin Hatim, sahaba wa Mtume: kilichopigwa kwa ncha kikatoboka kinaliwa, kilichouawa kwa ubapa hakiliwi. Taja jina la Mwenyezi Mungu unapoachia. Ukimkuta bado yu hai, mchinje. Kisu kiwe kiunoni, kisibaki garini.

Nikirudi Nairobi nao, nitawinda wapi? (Atlanta)

Hakuna. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Piga shabaha tu, na uliza habari za kibali kabla hujapanda ndege.

Chembe za mazoezi zinapiga katikati, za kuwindia zinakwenda kushoto inchi 4. Nisogeze saiti? (Columbus)

Usiisogeze bado. Kwanza zungusha kila mshale juu ya kucha mbili ukiuegemeza, utazame ncha: inayoyumba haikufungwa sawa, au mshale umepinda. Zote zikiwa sawa, sogeza kiegemeo kulia, kuelekea zilipopiga za mazoezi, chini ya milimita moja kwa mara moja, na upige aina zote mbili tena. Makundi yatakaribiana. Yakikutana, hapo ndipo saiti iguswe, na chembe za kuwindia ulizopigia mazoezi zinolewe au zibadilishwe makali kabla ya kuingia porini.