Video ya maharage, na barua ya kufukuzwa chuo

Umeuliza kama chuo huko Uganda kinaweza kumfukuza mwanafunzi kwa video ya maharage yenye wadudu aliyoiweka WhatsApp, huku kikimtishia kesi ya "mawasiliano ya kuudhi". Hapana, hawawezi kumfukuza hivi hivi. Kumwadhibu wanaweza, kama kanuni za chuo zinasema hivyo, ila kwanza aitwe, aambiwe kosa, ajitetee. Ni Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 28 na 42. Ya 29 ndiyo inayolinda uhuru wa kusema. Hayo "mawasiliano ya kuudhi" wanayomtishia nayo yalikuwa kifungu cha 25 cha sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta ya 2011, na Mahakama ya Katiba ilikifuta Januari 2023. Nayajua kwa sababu yalimkuta mdogo wangu: barua ya mistari minne, haina tarehe ya kikao wala kosa lenyewe! Alikata rufaa humo humo chuoni, akarudi darasani. Huyo mwanafunzi wako asichelewe tu: kama ni chuo cha serikali na rufaa ya ndani ikagonga mwamba, maombi ya mapitio, yaani kuiomba Mahakama Kuu iukague uamuzi wa chuo, yana ukomo wa miezi 3. Na kama kwenye video alimtaja mpishi wa chuo kwa jina akamzulia wizi, hiyo ni kesi nyingine.