Alinitukania mama, nikampiga: je, adhabu yapungua?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni dereva wa tuktuk Kongowea. Jamaa alinitukania marehemu mama yangu mbele za watu kisha akavuka barabara kwenda kunywa dafu, nikafungua siti nikatoa spana nikamfuata nikampiga, jino likatoka. Nimeshtakiwa kifungu cha 251 cha sheria ya makosa ya jinai ya Kenya (kupiga mtu na kumuumiza), kesi iko korti ya Shanzu, Mombasa. Yeye ndie alieanza, je nina dhambi? Na korti itanipunguzia?

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu, Allah amrehemu mama. Tusi la mzazi lauma wallahi, na Mtume (saw) kasema wawili wakitukanana dhambi ni ya alieanza, madamu aliedhulumiwa hajapita mpaka. Sasa wewe umeupita. Qur'ani 16:126 yasema mkilipiza lipizeni mfano wa mlivyofanyiwa, na mkisubiri ndio bora, yeye alikutolea neno wewe ukamtoa jino, na jino kwenye fiqhi diya yake (fidia ya kuumiza mtu) ni ngamia watano, si kitu kidogo. Kwa hio dhambi ya tusi ni yake, ya spana ni yako.

Kwa korti (na hii haiendi kwa kadhi, yeye ni ndoa, talaka na mirathi tu), kuchokozwa hakukufutii kosa la kupiga. Kifungu hicho mwisho wake ni miaka 5, na uchokozi unautaja kwenye kujitetea upunguziwe adhabu, hakimu atauangalia pamoja na majuto yako na kama ni kosa la kwanza. Lakini ataangalia pia kama ulipiga papo hapo damu ikichemka ama ilishapata muda wa kupoa, na hapo ndipo naona shida yako, mana yule alishaondoka, wewe ukafungua siti, ukachagua spana, ukavuka barabara. Usije ukaambiwa na mtu useme alikuwa amekushika shati. Huo ni ushahidi wa uongo, katika madhambi makubwa kabisa, bora upunguziwe kidogo kwa ukweli.

Tafuta wakili, umwambie yote kama ulivyoniambia mimi. Na jino ulilipe, hata kwa kidogo kidogo, hio ni haki ya mja, yaani ya binadamu mwenzako, na toba peke yake haiimalizi mpaka mwenyewe akusamehe. Ila usiende kwake wewe mwenyewe, uko kwa bondi na yeye ni shahidi, waweza kuambiwa wamtisha. Wakili akishajua, watume wazee wawili wa mtaa anaowaheshimu, waende baada ya Isha akiwa ametulia nyumbani.